Tezi ya shingo itolewe kwanza, au binti aanze dawa za TB?

Swali: Daktari, habari. Tunaishi Umoja, Nairobi. Binti yangu ana miaka 23, anauza viatu soko la Gikomba. Hii ni wiki ya nne ana homa inayopanda jioni, na tezi zimemvimba upande wa kushoto wa shingo, kuanzia nyuma ya sikio kushuka chini. Zinamuuma akilalia upande huo. Ametibiwa malaria, akatibiwa taifodi mara mbili, akachomwa sindano siku tano. Homa iko palepale. Eksirei ya kifua ni safi, makohozi hayakuonyesha TB, HIV hana, chembe nyeupe za damu zimeshuka hadi 2,800. Daktari wa kwanza anataka aanze dawa za TB. Wa pili ameandika prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Wa tatu, kijana, anasema tezi itolewe ikapimwe, na akataja ugonjwa wa Kikuchi. Dada yangu naye anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Tumsikilize nani?

Jibu: Mama, msikilizeni yule kijana. Tezi itolewe kwanza, tena nzima, ikapimwe. Prednisoloni isubiri. Dawa za TB nazo zisubiri siku chache za kungoja majibu, mradi binti anakula, anatembea, anapumua vizuri na hana dalili za hatari nitakazozitaja huko chini. Nayasema haya bila kuigusa shingo yake, kwa hiyo hili ni jibu la kwenda nalo kwa daktari mkalizungumze. Msilitumie kumkatalia mtu aliyemwona kwa macho.

Nianze na hilo jina, maana limechanganya wengi. Mgonjwa mmoja aliwahi kuniuliza daktari Kikuchi ana kliniki wapi, mjini au Thika Road, akamwone moja kwa moja. Alidhani ni mtu wa Murang'a. Kikuchi ni Mjapani, Masahiro Kikuchi, mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma nyama ya mwili kwa darubini, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1972. Mwaka huohuo Mjapani mwingine, Fujimoto, na wenzake waliueleza pia, kila upande kivyake, ndiyo maana vitabuni utakuta Kikuchi-Fujimoto. Tezi za limfu, mara nyingi za shingo na mara nyingi upande mmoja, huvimba na kuuma, na ndani yake nyama hufa kwa mabaka mabaka. Mtu hupata homa, uchovu, pengine jasho la usiku, kupungua uzito kidogo, pengine upele. Kinachowasha moto huo hakijathibitishwa. Virusi kadhaa vimeshukiwa miaka na miaka na hakuna hata kimoja kilichopatikana na hatia. Wanaoupata wengi ni vijana chini ya miaka 40, wanawake zaidi ya wanaume. Taarifa nyingi zimetoka Asia, lakini umeonekana kwa watu wa kila bara. Afrika unaripotiwa mara chache, na mimi naamini sehemu ya uchache huo ni kwamba tezi nyingi hapa kwetu hazifiki kwenye darubini. Zinaishia kwenye vidonge.

Si saratani. Hauambukizi. Kwa wengi huisha wenyewe ndani ya mwezi mmoja hadi minne.

Na hapo penye "huisha wenyewe" ndipo mtego ulipo. Chukua mfano binti anaanza dawa za TB Jumatatu ijayo, wiki ya tano ya homa. Kama ana Kikuchi, homa ilikuwa inakaribia kuchoka yenyewe. Wiki ya saba imeshuka, wiki ya tisa tezi zimenywea. Nyumba nzima mtasema dawa imemkubali. Daktari ataandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, naye atakuwa anaamini kwa moyo mweupe. Binti atameza vidonge miezi sita kamili, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, mkojo rangi ya chungwa, ini likifanya kazi ya ziada, na kama anatumia vidonge vya kupanga uzazi, rifampisini itavipunguza nguvu na huenda asiambiwe. Dawa zenyewe ni bure kwenye vituo vya serikali, hilo ni jema, lakini gharama ya ugonjwa usiokuwepo hailipwi kwa pesa tu. Mwaka kesho akipata homa nyingine, faili litasema aliwahi kuugua TB, na kila daktari atakayelifungua ataanza kufikiri kutoka hapo.

Sasa geuza upande wa pili. Kama ni limfoma, yaani saratani ya tezi, vidonge vya TB havitamfanya lolote na miezi miwili itapotea. Prednisoloni ndiyo inayoniogopesha zaidi, kwa sababu yenyewe itafanya kitu. Limfoma nyingi hunywea kwa prednisoloni. Tezi zinapungua, homa inakata, hamu ya kula inarudi, binti anarudi sokoni akiwa na mashavu. Wiki chache baadaye uvimbe unarudi, na ukikatwa wakati huo, mwanapatholojia anakuta nyama iliyokufa isiyosomeka. Nimeona hilo zaidi ya mara moja. Daktari wa pili hakukosea kwamba prednisoloni hutumika kwa Kikuchi ikiwa kali, inatumika kweli. Amekosea mpangilio. Ni kama kupaka rangi ukuta ambao bado hujajua maji yanavujia wapi.

Daktari wa TB nisimpake matope. Ukiniwekea shingo mia moja za Nairobi zenye tezi zilizokaa mwezi, TB itakuwa miongoni mwa ninayoitaja kwanza, kabla hata sijauliza mgonjwa anaishi wapi. Tena eksirei safi na makohozi safi havimwondolei binti TB ya tezi, kwa sababu TB hiyo inaweza kukaa shingoni bila kugusa mapafu. Yeye anafikiri kwa hesabu ya uwezekano, na hesabu yake ni halali. Kwa mgonjwa mwenye HIV ambaye kinga imeshuka sana, au mtu aliyelazwa hali mbaya, mimi mwenyewe ningeanza dawa usiku huohuo na kutafuta ushahidi kesho yake. Binti yako hayuko hapo. Anazo siku za kungoja.

Kuhusu malaria na taifodi nitasema kidogo, maana nikianza sitanyamaza. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na maambukizi ya malaria ndani ya jiji ni machache. Homa ya mtu ambaye hajasafiri kwenda Kisumu, Busia au Pwani ihitaji kipimo kilichoonyesha vimelea kabla haijaitwa malaria. Kile kipimo cha taifodi cha tone la damu, Widal, kinaweza kusema "ndiyo" kwa mtu aliyeugua zamani au asiyeugua kabisa. Taifodi inatafutwa kwa kuotesha damu. Mtu akitibiwa taifodi mara mbili ndani ya mwezi na homa haijatikisika, ugonjwa huo uvuliwe jina.

Sasa shingo yenyewe. Mimi husimama nyuma ya mgonjwa, namwambia alegeze kidevu, kisha napitisha ncha za vidole polepole kutoka chini ya taya hadi nyuma ya sikio, nikishuka na ule msuli mnene wa pembeni hadi mfupa wa bega. Vidole vinauliza maswali. Tezi moja moja zinazoteleza, ukubwa wa harage, zinazouma zikibonyezwa, zilizojipanga nyuma ya ule msuli: picha hiyo inaweza kuwa Kikuchi, ingawa virusi wa kawaida hufanya vivyo hivyo. TB hupenda kuzigandisha tezi pamoja kama ndizi za mkungu mmoja. Mara nyingi haziumi, baadaye hulainika katikati, na zikiachwa hupasuka na kutoa usaha usiokauka. Limfoma huwa kama mpira wa kufutia penseli, ngumu kiasi lakini inarudi ukiibonyeza. Tezi ngumu kama kokoto, isiyosogea, na yoyote iliyo juu tu ya mtulinga, huwa sipendi hata kidogo. Lakini nikuambie ukweli wa kazi hii: vidole vyangu vimenidanganya mara nyingi, kwa TB, kwa limfoma, kwa yote. Ndiyo maana nataka kisu.

Maumivu akilalia upande huo yananivuta kidogo kuelekea Kikuchi. Hizo chembe 2,800 nazo zinanivuta, kwa sababu sehemu kubwa ya wagonjwa wa Kikuchi chembe nyeupe hushuka, wakati homa za bakteria wengi huzipandisha. Hata hivyo msizishike kama hirizi. Taifodi ya kweli huzishusha, virusi huzishusha, lupasi, ugonjwa nitakaoueleza huko chini, huzishusha. Tena kuna jambo ambalo karatasi za maabara hazisemi: viwango vingi vilivyochapwa pembeni mwa majibu vilitokana na damu za Wazungu, na Waafrika wengi wenye afya kamili huishi na chembe nyeupe chini ya 4,000 maisha yao yote. 2,800 bado ni ndogo. Ila kama binti aliwahi kupimwa damu siku nyingine, labda kliniki ya chuo au alipokuwa na jino, itafuteni karatasi hiyo. Ikisema 3,300 wakati alikuwa mzima, uzito wa hii ya sasa unapungua.

Kabla ya kisu kuna maswali ya haraka ambayo aulizwe na ajibu. Anakunywa maziwa mabichi au ya kuchemshwa kidogo? Hiyo ni brusela. Ana paka mdogo anayemparura? Alienda karibuni Baringo au Pokot, kwenye kalaazar, ule ugonjwa wa homa na wengu kuvimba? Anameza dawa za kifafa? Amepata kidonda chochote sehemu za siri au upele viganjani, ambao ungeelekeza kwenye kaswende? Na lile la HIV: majibu hasi ni habari njema, lakini virusi vikiingia, wiki za kwanza kipimo cha kawaida kinaweza kukosa kuviona, na ni wiki hizohizo ambazo homa na tezi hutokea. Kipimo kirudiwe. Nakuomba mama, hapo utoke nje ya chumba. Kuna mambo msichana wa miaka 23 hawezi kumwambia daktari akiwa amekaa bega kwa bega na mamake, na si kwamba amekosa adabu.

Nije kwenye kukata, ambako yanaharibika mengi kwa vitu vidogo.

Miaka yangu ya mwanzo, nikiwa daktari mdogo katika hospitali ambayo sitaitaja, tulimtoa kijana mmoja tezi ya shingo. Nilikuwa nimeandaa chupa moja tu, yenye fomalini. Tezi ilipotoka nikaitumbukiza nzima humo, nikaandika jina lake kwenye plasta, nikabandika, nikajiona nimemaliza kazi. Baada ya siku kumi majibu yakaja: nyama imekufa, saratani haionekani, TB haiwezi kuondolewa. Nikapiga simu maabara kuomba waoteshe vijidudu. Yule bwana alinyamaza kidogo, akasema, "Daktari, si uliiweka kwenye fomalini? Umeshaua kila kilichokuwa humo." Fomalini ndiyo kazi yake. Inaituliza nyama isomeke kwenye darubini, na inaua kijidudu ambacho ungetaka kikuonyeshe sura yake. Kijana yule alimeza dawa miezi sita kwa ajili ya shaka niliyoitengeneza mimi kwa chupa moja. Alipona. Mpaka leo sijui alipona nini.

Kwa hiyo siku ya upasuaji, mama, uliza swali moja kabla binti hajaingia: "Kuna chupa ngapi?" Ziwe mbili. Tezi ikitoka igawanywe kwa wembe safi. Nusu iende kwenye fomalini, kwa mwanapatholojia. Nusu iende kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi ya hospitali, bila tone la fomalini, ifike maabara siku hiyohiyo kwa GeneXpert, kipimo cha mashine cha kutafuta TB, na kuoteshwa. GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi ikishawekwa kwenye mashine. Kuotesha kunaweza kuchukua hadi wiki sita. GeneXpert ikisema TB ipo, basi daktari wa kwanza alikuwa sahihi, dawa zianze siku hiyo, na mimi nitafurahi kuwa nimekosea. Ikisema haipo, haijafunga mlango kabisa, lakini ikisomwa pamoja na darubini inatosha kuamua.

Utaambiwa kuna njia nyepesi, kuvuta kwa sindano. Sindano si mbaya. Kwa TB hasa inasaidia, maana usaha kidogo unatosha GeneXpert, na kama hospitali inaweza kuifanya kesho wakati upasuaji ni wiki ijayo, ifanywe. Ila kwa Kikuchi na limfoma inatoa chembe zilizotawanyika bila mpangilio wa nyumba yake. Ni kama kumletea fundi kiganja cha kokoto umuulize jengo lilikuwa la ghorofa ngapi. Tezi nzima inaonyesha kuta, vyumba na mahali moto ulipoanzia. Na ichaguliwe tezi iliyo kubwa au iliyobadilika zaidi kwenye ultrasaundi, badala ya ile iliyo rahisi kufikiwa. Daktari wa upasuaji mwenye haraka huchukua ya juujuu, na ya juujuu mara nyingine haina habari yoyote.

Kwa kuwa tezi za binti ziko nyuma ya ule msuli wa shingo, kuna neva moja ambayo nataka mjue habari zake. Inapita hapo karibu na ngozi na ndiyo inayoinua bega. Ikijeruhiwa, bega linashuka, mkono unakuwa mgumu kunyanyuka kupita usawa wa bega, na muuza viatu anayetundika bidhaa juu kila asubuhi atalijua hilo mapema. Kwa hiyo upasuaji huu ni mdogo, wa ganzi na nyuzi chache, mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyo, lakini ufanywe na mtu aliyezoea shingo. Kabla ya ganzi, binti ainue mabega yote mawili kama mtu anayesema "mimi sijui". Ganzi ikiisha, arudie mbele ya daktari.

Dada yako nimemsikia. Wasiwasi huo upo hadi kwa watu waliosoma, na nadhani ulitokana na kuona wagonjwa waliokatwa wakiwa wamechelewa, saratani ikiwa imeshasambaa, kisha kisu kikabeba lawama. Limfoma haisambazwi kwa kutoa tezi. Hakuna daktari wa saratani atakayemtibu limfoma mtu ambaye hajatolewa nyama ikathibitishwa. Mwambie hivyo kwa upole, anampenda mtoto.

Hatua inayofuata haionekani na mgonjwa, nayo ni karatasi ya kuombea kipimo. Hapa mjini nimeona nyingi zimeandikwa "uvimbe wa shingo, TB?" basi. Mwanapatholojia akipewa maneno hayo anasoma akitafuta TB. Ombeni iandikwe kikamilifu: mwanamke, miaka 23, homa wiki nne, tezi zinauma upande mmoja, chembe nyeupe 2,800, HIV hasi, Kikuchi na limfoma zinafikiriwa. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu Kikuchi ni mwigizaji. Chini ya darubini kuna mabaka ya nyama iliyokufa, yamejaa vumbi jeusi la viini vya chembe vilivyopasuka vipande vipande. Kuzunguka vumbi hilo kuna chembe mlaji, histiosaiti, zilizokula hadi viini vyake vikasukumwa pembeni, vikawa mfano wa mwezi mwandamo. Wasiokuwepo nao wanasema kitu: nyutrofili, zile chembe zinazokimbilia penye usaha, hazionekani au ni za kuhesabu. Wala hakuna vile vinundu vya TB vyenye chembe kubwa za viini vingi. Lakini ugonjwa ukiwa mchanga, mabaka bado ni madogo na tezi imejaa chembe T, aina ya chembe za kinga, kubwa na zinazogawanyika kwa kasi, sura inakuwa ya limfoma hasa. Miaka ya nyuma kuna wagonjwa wa Kikuchi waliotibiwa kama wenye limfoma kwa sababu hiyo. Siku hizi rangi maalumu za kingamwili husaidia kutenganisha, na hospitali kubwa za Nairobi zina uwezo huo. Jibu likija na neno "limfoma" na mwandishi anaonekana kusitasita, kipande kilichohifadhiwa kwenye nta ni haki yenu kukiomba kisomwe na jicho la pili kabla ya kemotherapi. Jibu likija "Kikuchi" na binti anazidi kudhoofika, ombeni vilevile.

Tuseme limekuja Kikuchi. Msiondoke bila kuuliza lupasi. Huu ni ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wake wenyewe, unawapenda wanawake vijana, na wenye asili ya Afrika huwapata zaidi. Tezi ya lupasi inaweza kufanana na ya Kikuchi kiasi kwamba mwanapatholojia mzuri akashindwa kuapa. Tena kuna wanaopata Kikuchi leo na lupasi ikajitokeza baadaye, au ilikuwepo kimyakimya. Apimwe ANA, kipimo cha damu cha kutafuta lupasi, akiwa chanya apimwe na kingamwili za DNA, na mkojo utazamwe protini. Mkojo huo hausahauliki kwa bahati mbaya tu. Unasahauliwa kwa sababu ni kipimo cha bei rahisi. Nyumbani mwangalie viungo vya vidole asubuhi, vidonda vya mdomo, nywele zinazokatika kwa mafungu, wekundu au weusi mpya mashavuni baada ya jua, povu kwenye mkojo, kuvimba miguu. Akiwa mzima kabisa, bado ningependa aonwe kila miezi michache mwaka wa kwanza, kisha mara moja moja kwa miaka kadhaa.

Matibabu yenyewe ni mafupi kuliko yote niliyoandika. Parasetamoli, au dawa ya jamii ya brufen ikiwa hana vidonda vya tumbo, figo ziko sawa na hana mimba. Maji, chakula, usingizi. Homa ikikataa au ugonjwa ukigusa viungo vingine, hapo ndipo prednisoloni inapopata zamu yake, kwa muda mfupi, na tezi imeshasomwa. Wengine hupewa haidroksiklorokwini. Antibiotiki hazina kazi hapa, na mnaweza kuacha kununua. Kwa wachache, kama watatu au wanne katika kila mia, hurudi baada ya miezi au miaka. Ukirudi, hatudhani tu kwamba ni uleule, tunaangalia upya.

Sasa zile dalili ambazo zikitokea kesho asubuhi hamngoji upasuaji wala mimi: kupumua kwa shida au kushindwa kumeza, shingo kukaza na kichwa kuuma vibaya, kuchanganyikiwa au degedege, macho kuwa ya manjano, kutokwa damu fizi au michubuko isiyo na sababu, kuzirai, kutapika kila kitu, au tezi kukua kwa siku badala ya wiki. Nendeni hospitali yenye wodi na maabara ya usiku, na mbebe karatasi zote. Zote, hata zile za duka la dawa.

Kwa siku hizi za kungoja nunueni kipimajoto. Joto lipimwe asubuhi na jioni, kabla ya dawa ya homa, liandikwe kwenye daftari na saa yake. "Homa kali" ya kugusa paji la uso imetupoteza wengi, na daktari akiona 38.9 saa moja jioni kwa siku tano mfululizo, mazungumzo yanabadilika. Apimwe na uzito, kwenye mizani moja, mara moja kwa wiki.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua, kwa mkono mwingine naona, kama anaweza kulala chumba kimoja na mdogo wake na kama arudi Gikomba. Kikuchi haimwambukizi mtu, na TB ya tezi peke yake, mapafu yakiwa safi, haisambai kwa kukohoa. Walale pamoja, wanywe kikombe kimoja kama walivyozoea. Gikomba asubiri homa ikate. Si kwa ajili ya wateja, ni ile mizigo ya saa kumi na moja alfajiri, na kidonda cha shingo kinataka kama siku kumi bila kubeba gunia begani.